Meno ya Mfupa

Wodi ya Mifupa,
Kericho
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mama Rodah,

Hunijui. Jina langu ni Eucabeth Aluoch, daktari wa upasuaji wa mifupa, na mimi ndiye ninayemtibu mjukuu wako Mathew Kipkosgei. Naanza na lile utakalotaka kulijua kwanza: anakula, analala, na jana alibishana na jirani yake wa kitanda mpaka chai ikapoa, kisa ni ng'ombe gani hutoa maziwa mengi.

Ijumaa alasiri, pale kituo cha kupimia majani chai karibu na kwake Kapkatet, aliteleza akiwa na gunia mgongoni. Mguu wa kulia ulinasa kwenye mtaro, mwili ukazunguka. Muundi, ule mfupa mkubwa kati ya goti na kifundo, umevunjika kwa kujipinda, na katikati kuna kipande cha tatu kilichochomoka. Ngozi haikupasuka, na hiyo ni bahati. Tumeutuliza kwa nusu plasta, lakini plasta peke yake haitatosha. Nataka kumtia chuma ndani ya mfupa.

Fancy, mkewe, ameniambia simu haikufai kwa sababu ya masikio, ila kusoma unasoma kuliko sisi sote. Yeye anakuja huku kumwona mumewe na kurudi kwako kuwaona watoto, kwa hiyo barua zetu zitakuwa kwenye mkoba wake.

Shida yangu ni hii. Mathew hataki kutia sahihi. Kila nikimweleza ananijibu maneno mawili: Kogo hajasema. Wauguzi wangu wameniambia kwamba Kogo, yaani nyanya, ni wewe, muunga mifupa wa Siongiroi, na wawili kati yao waliungwa na wewe wakiwa wadogo. Sikuandikii kushindana. Naomba neno lako, kwa mwandiko wako.

Wako,
Dkt. Eucabeth Aluoch


Siongiroi
Jumanne, tarehe 4

Daktari,

Barua yako imefika na harufu ya dawa, hata paka ameondoka mezani. Nimeisoma mara mbili. Mwandiko wako si mbaya kwa daktari.

Masikio yaliniacha miaka tisa iliyopita. La kushoto lilitangulia, la kulia likaona haya kubaki peke yake. Siku hizi mgeni anaweza kubisha mpaka achoke. Nikitaka kujua nani amepita kwangu naangalia tope la mlangoni. Fancy namjua, anakanyaga kisigino kwanza kama mtu anayegombana na ardhi. Wajukuu, mchungaji, mwizi wa kuku, wote nawasoma. Ndiyo habari zangu za asubuhi.

Sasa tuzungumze kazi. Nimeunga mifupa tangu kabla mama yako hajakuwaza. Mfupa ukivunjika huacha meno, na meno hujuana. Vidole vyangu huyatafuta mpaka yakutane, kisha nafunga vijiti, kisha nangoja. Sijawahi kumtoboa mtu. Kwa hiyo nijibu. Chuma hicho kinaingilia wapi? Uboho wake mtaupeleka wapi? Kitakaa humo mpaka lini, au atazikwa nacho? Na kama huuoni mfupa kwa macho, wala huushiki kwa vidole, utajuaje kwamba umekaa mahali pake?

Usinijibu kama unavyomjibu mtoto. Nimekuwa mwalimu wa chekechea na najua sauti hiyo hata kwenye karatasi.

Rodah,
Kogo wa Mathew


Kericho
Alhamisi, 6 Juni

Mama Rodah,

Nimekemewa na nimesikia.

Chuma kinaingilia chini kidogo ya goti. Napasua ngozi, urefu wa kidole tu, natoboa kichwa cha muundi, napitisha waya mwembamba ndani ya uboho mpaka uvuke palipovunjika na ukaribie kifundo. Waya ukishapita, chuma chenye tundu kinauvaa na kufuata njia yake. Juu na chini natia skrubu zinazokatiza mfupa, ili usizunguke wala usifupike. Uboho mwingine unatoka, mwingine unasukumwa, na mwili huujaza tena. Chuma kinaweza kukaa humo maisha yake yote. Kikimsumbua, tunakitoa mfupa ukishashika.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, na nashukuru uliuliza. Kuna mambo matatu ya kutazama: urefu, unyoofu, na mzunguko. Mawili ya kwanza nayaona kwenye mashine ya picha wakati nafanya kazi. Mzunguko ni mjanja. Mfupa unaweza kuonekana umenyooka kama rula, na kumbe unyayo umetazama kando. Yale meno unayoyasema siwezi kuyasoma kupitia ngozi iliyovimba, hasa na kile kipande cha katikati kimetoka mahali pake.

Basi tunafanya hivi. Kabla ya kumfunika mgonjwa naangalia mguu wake mzima. Goti likitazama dari, unyayo umetazama wapi? Napima, naandika kwenye ngozi kwa kalamu, kisha naupa mguu uliovunjika mwelekeo uleule. Unyayo wa kushoto wa Mathew umetazama nje kuliko wa watu wengi. Nilimuuliza, akasema miguu yake ndivyo ilivyo yote miwili, ni miguu ya ukoo wa baba yake. Fancy akasema vivyo hivyo, akacheka. Kwa hiyo wa kulia nao nitauweka hivyo, ifanane.

Natumaini nimekujibu kama mtu mzima.

Eucabeth Aluoch


Siongiroi
Ijumaa, tarehe 7

Daktari,

Nimekubali. Mwambie Mathew kwamba Kogo amesema. Chuma kiingie.

Lakini usifuate mguu wa kushoto. Fuata mfupa wenyewe.

Watoto hawajambo. Karatasi imeniishia.

Rodah


Kericho
Jumamosi, 8 Juni

Mama Rodah,

Mathew alisoma barua yako, akaikunja, akaomba kalamu. Ametia sahihi. Upasuaji ni Jumanne asubuhi. Asante sana.

Kuhusu mguu wa kushoto, nimelifikiria neno lako. Nyanya yangu kule Nyakach hakupenda mtoto apimwe kwa mwenzake, alisema kunamfupisha. Labda nanyi waunga mifupa mna mwiko wa namna hiyo, kwamba kiungo kimoja kisitumike kukipima kingine. Kama ni hivyo, nauheshimu. Lakini lazima niwe mkweli kwako. Bila mguu wa kushoto sina kipimo. Nikikosea mzunguko, hata kwa digrii ishirini tu, goti lake na kifundo vitalia mapema. Kupanda mteremko wa chai na gunia itakuwa adhabu ya kila siku, na kusahihisha ni kuuvunja mfupa upya.

Kama kuna sababu nyingine, niambie. Kama hakuna, nitafuata mguu wa kushoto, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa.

Uliandika kwamba karatasi imekuishia. Nusu ya ukurasa ilikuwa tupu.

Eucabeth Aluoch


Siongiroi
Jumapili, tarehe 9

Daktari mwanangu,

Leo sikwenda kanisani. Barua yako iko mezani tangu asubuhi, nami niko mbele yake. Watoto wamekula viazi vya jana na hawakulalamika, nadhani wameniona uso.

Karatasi haikuisha. Wewe umeona.

Mathew hakuzaliwa na mguu ule. Alipokuwa na miaka mitatu, mama yake, marehemu binti yangu, alikuwa akichuna chai katika shamba moja kubwa upande wa huko kwenu Kericho. Aliniachia mtoto mpaka Krismasi. Siku moja mwezi wa kumi na moja nililetewa mzee kwa pikapu kutoka Bomet, mkono umevunjika. Uani palijaa watu wa kutazama. Mwaka huo jina langu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kutembea, na mimi nilipenda litembee. Mtoto alikuwa anapanda ngazi ya ghala la mahindi. Nilimwona, daktari. Nilimwona, nikajiambia ngoja nimalize mkono huu kwanza.

Alianguka kutoka kidato cha nne. Nilipomshika muundi wa kushoto, vidole vikaniambia. Umevunjika kwa kujipinda, kama huu wa sasa. Watu walipoondoka niliufunga, na niliufunga vizuri, sitajisingizia. Meno yalikutana. Kisha binti yangu akatuma neno kwamba anakuja mapema. Mjukuu wa muunga mifupa amevunjikia kwa muunga mifupa, na mwenyewe akitazama. Ningelificha wapi jina langu? Siku ya kumi na sita nikatoa vijiti. Mfupa ulikuwa bado mbichi. Mtoto akilala chali, unyayo huanguka nje, nami sikumwekea hata mto wa kuuzuia. Mama yake alipofika nikamwambia ametegua kifundo kidogo, ni mambo ya watoto.

Aliposimama tena, unyayo ulitazama nje. Watu wakauliza. Nikasema mwangalieni kogo yake wa upande wa baba, Chepkemboi, si ndiyo miguu yao hiyo. Wakacheka, na maneno yakashika. Leo ni mwaka wa thelathini na moja, yamekuwa ukoo.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka siku zote. Wengine wanamwona yeye, mimi nasoma nyayo. Wa kulia unakwenda mbele, wa kushoto unatazama zizini. Ukifuata wa kushoto utalinakili kosa langu kwa chuma na skrubu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na daktari mwenye kalamu. Usimwambie Mathew. Nitamwambia mwenyewe akishapona.

Rodah


Kericho
Jumanne, 11 Juni

Kogo,

Niruhusu nikuite hivyo.

Fancy alichelewa jana kwa sababu ya daraja lililojaa maji. Barua yako nimeipata leo saa moja na nusu asubuhi, nimesimama kwenye korido na kofia ya upasuaji kichwani. Mathew alikuwa ameshasukumwa ndani. Alama za kalamu zilikuwa tayari kwenye mguu wake wa kushoto, nimezichora mwenyewe.

Nilirudi nikazifuta kwa spiriti. Nilimwambia orodha ya leo imejaa, tumemsogeza mpaka Ijumaa. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwa ajili yako, na hautakuwa na wa pili.

Kisha nikaenda stoo ya wodi kutafuta gambuti alizokuja nazo. Soli ya kulia imelika sawasawa. Ya kushoto imelika upande wa ndani mpaka karibu kutoboka. Viatu vimekuwa vikisema muda wote huu. Mimi nilimpima mtu aliyelala, sikuwahi kumwona akitembea, nikaamini hadithi ya ukoo badala ya kuuliza viatu. Kwa hiyo kosa si lako peke yako.

Lakini nisikilize. Mguu ni wake. Naweza kuulinganisha na wa kushoto, miguu yote miwili itazame nje pamoja, au naweza kuurudisha ulivyokuwa kabla ya mtaro ule. Nadhani najua jibu lililo bora, ila si mimi nitakayeutembelea. Achague akijua. Siwezi kumpasua akiwa gizani, na siwezi kumwambia mimi, kwa sababu siri niliyopewa ni yako. Mwandikie. Barua inifikie kabla ya Alhamisi mchana.

Najua ninachokuomba. Nimesikia vile wauguzi wanavyolitaja jina lako.

Eucabeth


Siongiroi
Jumatano, tarehe 12

Kipkosgei,

Daktari atakupa karatasi hii. Ukae vizuri kwanza, uegemee mto.

Mguu wako wa kushoto hukuzaliwa nao vile. Ulivunjika ukiwa na miaka mitatu, hapa kwangu, ulipoanguka kutoka ngazi ya ghala. Nilikuona ukipanda na sikukushusha, kwa sababu nilikuwa na mgonjwa na watu walikuwa wananisifu. Kisha nilitoa vijiti kabla ya siku zake ili mama yako asivikute. Ndipo unyayo ukageuka. Mama yako alikufa hajui. Baba yako hajui. Ile ya miguu ya kina Chepkemboi niliitunga mimi, nimesimama hapo kwenye lango la ng'ombe, kwa dakika moja.

Daktari alitaka kuufuata mguu huo aunge huu mwingine. Ndiyo sababu nasema sasa. Ningekuwa na njia ya kukutibu bila kusema, ningeifuata. Sitaki unione mwema kuliko nilivyo.

Ukitaka kunitukana, andika. Nitasoma yote.

Kogo


Kericho, wodini
Alhamisi, 13/6

Kogo,

Nimesoma. Nikasoma tena. Nikamwambia Fancy aende akanunue chungwa, ili nikae peke yangu.

Siwezi kusema sijakasirika. Shuleni waliniita Bata. Kwenye mbio nilikuwa wa mwisho, nikajiambia ni damu, mtu afanye nini na damu. Lakini hayo yamepita, nina chai yangu, nina watoto, na huo mguu umenibeba mpaka hapa. Ulinilea. Si hayo yananiumiza.

Kinachoniuma ni Kogo Chepkemboi. Unakumbuka siku ya koito yangu, tulipoenda kumposa Fancy? Mzee mmoja wa upande wenu alisema angalieni bwana harusi, chai ya kwao inachunwa na watu wa miguu iliyotazama pande mbili. Watu wakacheka sana. Wewe ulicheka pia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Kogo Chepkemboi, nikaona akivuta leso yake taratibu akafunika miguu. Tangu siku hiyo sijamwona kwenye sherehe bila soksi, hata kwenye jua.

Daktari ameniuliza nachagua nini. Nimesema mguu wa kulia urudi ulivyokuwa. Nimetembea miaka yote na miguu miwili tofauti bila kujua, sioni sababu ya kujifunza mingine uzeeni.

Na wewe, Kogo, nakuomba kitu kimoja. Nenda Kapkatet ukamwambie. Usiandike, yeye hasomi. Uende kwa miguu yako.

Mathew


Kericho
Jumamosi, 15 Juni

Kogo,

Imekwisha, salama.

Nilibadilisha mpango wangu. Badala ya kufanya kazi yote kutoka kwenye goti, nilipasua mahali pengine padogo, palepale palipovunjika, kwa sababu ulikuwa umeniambia nifuate mfupa wenyewe. Niliingiza kidole. Kile kipande cha tatu kilikuwa bado kimeshikwa na nyama, hai, kimelala ubavu. Nikakigeuza polepole. Mara ya kwanza hakikukaa. Mara ya pili hakikukaa. Nikaacha kusukuma, nikamwambia msaidizi avute kisigino kidogo, kisha azungushe unyayo kuelekea ndani, kidogo sana. Meno yakakutana. Nadhani unaijua hali hiyo, pale mfupa unapoacha kubishana nawe. Nikayashika kwa koleo, nikapitisha waya, chuma, skrubu mbili juu na mbili chini.

Mwishoni niliyageuza magoti yote mawili yatazame dari, nikasimama miguuni pake. Unyayo wa kulia ulitazama juu na nje kidogo tu, kama wa watu wengi. Wa kushoto ulilala kule kwake. Miguu haikufanana, na ni mara ya kwanza katika kazi hii nimefurahi kuona hivyo.

Vidole vyake vinacheza. Wiki ijayo atasimama na magongo. Kama meno yasingekutana, au kama ningefuata alama zangu za Jumanne, sijui ningemwandikia nani barua ya kuomba radhi.

Nimemwambia kwamba mguu wa kushoto nao unaweza kusahihishwa baadaye, huu ukishapona. Ni kuukata mfupa na kuuzungusha kwa makusudi, halafu chuma kama hiki. Alisema atafikiri.

Kapkatet umekwenda?

Eucabeth


Siongiroi
Jumatatu, tarehe 24

Eucabeth,

Nimekwenda. Nimechukua wiki nzima kujiambia mvua ni nyingi, kisha juzi mvua ikakatika nikakosa kisingizio.

Chepkemboi alikuwa amekaa nje kwenye kiti, na soksi zake. Sasa tazama vichekesho vya Mungu. Yeye hasomi, mimi sisikii. Ningeandika asingejua, angejibu nisingejua. Kwa hiyo nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. Nadhani nilikuwa napiga kelele, maana jirani mmoja aliacha kukamua akaja kwenye ua, na mwingine akamfuata. Niliwaacha wasikie. Nilichokisema mbele ya watu mwaka ule, ilifaa nikitengue mbele ya watu. Nikasema ngazi, nikasema vijiti, nikasema siku kumi na sita. Nikasema miguu yenu haina kosa na haijawahi kuwa nalo.

Chepkemboi aliinama, akavua soksi moja, kisha ya pili. Akainyoosha miguu yake juani, karibu na yangu. Imenyooka, mwanangu. Ya kwangu ndiyo imepinda kwa uzee. Tuliitazama yote minne.

Kisha akaingia ndani akaleta mursik, maziwa yake ya kuganda ya kibuyu. Kwangu alimimina nusu kikombe, mimi mgeni, mbele ya majirani. Nikanywa nusu hiyo. Nilipomrudishia kikombe akakaa nacho, akafikiri, akakijaza.

Nililia njiani. Sikulia kwa aibu, aibu niliizoea. Nililia kwa sababu ya zile soksi.

Habari zimefika Siongiroi kabla yangu. Jumanne iliyopita walikuwa watu wanne mlangoni. Leo hapana hata unyayo mmoja ila wa kuku. Sawa. Atakayekuja nitamfungia vijiti vya safari tu, nimwambie aende Kericho amuulize Eucabeth.

Rodah


Kericho
Jumatano, 26 Juni

Kogo,

Wametoka leo, Fancy amebeba mkoba na Mathew amejibeba kwa magongo. Nimemwambia asiukanyage sana mpaka nione picha ya wiki ya sita, nawe umhimize.

Wanaokuja kwako usiwafungie kimya kimya tu. Waandikie kwenye karatasi vidole vyako vilisikia nini. Nitaisoma kabla ya picha. Na wanafunzi wangu wameanza kuuliza viatu vya wagonjwa, hawajui kwa nini, nimewaambia ni amri.

Eucabeth


Siongiroi
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Eucabeth mwanangu,

Umeona mwenyewe picha ya mwisho, sitakuambia habari za mfupa. Nakuambia za tope.

Jana ilinyesha asubuhi, ikaanua. Nilikuwa nyuma ya nyumba na kuni. Niliporudi mlangoni nikakuta nyayo. Niliinama, maana macho nayo yameanza kuiga masikio. Wa kulia ulikuwa unakwenda mbele. Wa kushoto ulikuwa unatazama zizini. Kando yake, tundu moja la bakora kila hatua mbili. Hakuna aliyeniambia anakuja. Nilijua ni nani kabla sijainua uso, na nilijua kwamba kazi yako ilikuwa safi, kwa sababu zilikuwa nyayo zilezile za siku zote. Ungefuata wa kushoto, jana ningesoma mgeni.

Alikuwa amekaa chini ya ngazi ya ghala, kidato cha kwanza. Mwanawe mdogo alikuwa juu yake anapanda, naye amemshika kiuno kwa mkono mmoja, hata hamtazami.

Tukanywa chai. Nilitaka kumuuliza tangu Juni, nikamuuliza jana. Nikasema, daktari anaweza kuukata ule wa kushoto aunyooshe, ile kazi yangu mbaya itoke mwilini mwako. Nitakuja kukuuguza mwenyewe. Sema tu.

Aliona kwamba sina miwani. Akashika bakora, akaandika kwenye tope mbele ya mlango, herufi kubwa, polepole, kama nilivyomfundisha mwenyewe pale pale akiwa na miaka minne.

UACHE KOGO. NDIO UNANIJUA NAO.

Leo nimepita upande wa jikoni siku nzima. Hapo mlangoni sijafagia.

Rodah